Pingili Zilizobaki Mezani

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Spoku, na afadhali tulimalize hilo mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Alikuwa amefunga minyororo ya baiskeli tangu ndevu zake hazijaamua kama zitaota au la, na kila mteja aliyekaa kwenye kigoda chake alikuwa ameshasikia kwamba mnyororo haukatwi huku mtu anaongea. Siku ile aliukata huku anaongea.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao linalofungukia barabarani. Baiskeli zilining'inia darini kwa kulabu, magurudumu yakizunguka polepole kila upepo ulipoingia. Chini yake palikuwa na meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma upande mmoja, na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati ambazo hakuna aliyekumbuka zilitoka wapi. Jina la Spoku alipewa kwa wembamba wake. Walisema akijipinda kidogo unaweza kumfunga kwenye gurudumu na baiskeli ikaenda.

Mama Bonge aliingia akisukuma baiskeli yake, mnyororo ukiburuta sakafuni. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na alikuwa amevaa kanga ya nyumbani na uso wa mtu ambaye mapumziko yamemchosha.

"Fundi, huu mnyororo umenichoka," alisema. "Unanichomokea kila nikifika mlimani."

"Au wewe ndiye umeuchosha. Hebu." Fundi Spoku aliuvuta mnyororo pale unapolala juu ya meno ya mbele. Ulinyanyuka mpaka mwanga ukapita katikati. "Huu si mnyororo tena, mama. Huu ni mkufu. Vaa shingoni uende harusini."

Mama Bonge hakucheka, lakini aliketi, na kwa watu wanaofanya kazi alikofanya yeye hilo lilikuwa karibu sawa. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Alikuwa anaondoka nyumbani Bonge amelala, anarudi Bonge amelala. Baba yake Bonge alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi, na bado alikuwa anaitafuta. Kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi yake, na mama alimjua mwanawe zaidi kama harufu fulani ya blanketi. Asubuhi hiyo, Mama Bonge alieleza, alikuwa amemnyanyua mwanawe, na mwanawe akalia na kumnyooshea bibi mikono kama mtu anayeomba kuokolewa. Alilisema hilo kwa sauti ileile ambayo angesemea pancha.

"Nataka mnyororo usioanguka," alisema. "Nifike kabla hajalala. Hata kidogo tu, tuonane macho yakiwa wazi."

"Yako au yake?"

"Yote, fundi. Usinichoshe."

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya gia moja. Baiskeli ya namna hiyo haina kidude cha kuvuta mnyororo ukilegea. Kuna meno ya mbele, meno ya nyuma, na mnyororo katikati, basi. Urefu lazima uwe sahihi, na kinachobaki hurekebishwa kwa kusogeza gurudumu la nyuma mbele au nyuma ndani ya mfereji wake kwenye fremu. Fundi Spoku aliuzungusha mnyororo mpya kwenye meno ya mbele na ya nyuma, akazikutanisha ncha zake, na hapo ndipo alipokumbuka kisa cha mzee aliyeleta baiskeli akilalamika kwamba kengele haina sauti, kumbe masikio ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Alikisimulia chote, pamoja na sauti ya mzee na sauti ya kengele. Alipofika kwenye masikio, mkono wake ulikuwa umeshasukuma pini isiyohusika.

Pingili za mnyororo huenda mbilimbili, nyembamba na pana, ndiyo maana kosa lake nalo huwa la mbilimbili. Pingili mbili zilianguka mezani zikalia.

Fundi aliziona. Ilikuwa rahisi kuzirudisha. Badala yake alisukuma gurudumu la nyuma mbele mpaka mwisho wa mfereji, akazivuta ncha kwa nguvu, akaziunga kwa klipu. Klipu aliiweka vizuri, upande uliofungwa ukitazama mnyororo unakokwenda, maana hakuwa mjinga wa kila kitu. Kisha akabonyeza mnyororo kwa kidole. Mnyororo mzuri hupanda na kushuka kiasi cha unene wa kidole hicho. Huu haukupanda wala kushuka. Ulikuwa umekaza kama kamba iliyoanikwa mablanketi mabichi.

"Utalegea wenyewe," alisema. Mafundi husema maneno hayo pale ambapo watu wengine huomba dua.

Haukulegea. Kesho yake alfajiri Mama Bonge alipita kama kawaida kando ya ukuta wa shule. Ukuta ulipoishia, pedeli zikawa nzito, kisha zikawa nyepesi, na akajikuta kwenye kona ya maseremala. Nyumba ya fundi cherehani, duka la dawa ambalo halikuwahi kuwa na dawa, na dimbwi lililokuwa likimlowesha viatu kila asubuhi, vyote havikuwapo katikati. Alishuka akarudi nyuma kidogo kutazama. Ukuta wa shule na kona ya maseremala vilikuwa vimegusana, na kwenye maungio yao paliota majani ambayo, kwa urefu wake, yalikuwa pale siku nyingi. Aliyagusa, akapanda baiskeli, akaendelea. Kiwandani hakuna aliyewahi kusamehewa kuchelewa kwa sababu mtaa umepotea.

Jua lilipokuwa limepanda, fundi cherehani alitokea karakanani kutoka upande wa jiliwa, ambako hakuna mlango.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Njema, jirani. Umepitia wapi?"

"Nimetoka kwangu tu. Nyumba yangu iko hapo mezani kwako."

Wote wawili waliinama. Pingili mbili zilikuwa zimelala kando ya kopo la nati. Fundi Spoku alichukua kile kioo cha kukuzia anachochunguzia gololi zilizopasuka, akakishika juu ya tundu la pingili pana. Aliona paa la bati, aliona dimbwi, akaona mwanamke anaanika nguo na kusimama kidogo akitazama juu, kama mtu anayeangalia dalili za mvua.

"Mnapata hewa humo?" aliuliza. Alitaka sana kujua.

"Hewa ipo. Ina harufu ya grisi, lakini hata ile ya zamani ilikuwa na harufu ya mtaro."

"Na jua?"

"Ukifungua dirisha."

"Basi nitalifungua mapema."

"Utakuwa umefanya jambo la maana. Na ukitaka kutia mafuta, tafadhali tangaza kwanza. Yule pale ni mke wangu, na zile nguo ni za wateja."

Fundi Spoku aliahidi. Alisogeza kopo ili lisiwatilie kivuli, na kwa kuwa wateja wa cherehani sasa walilazimika kupita karakanani wakiwa na vitambaa vyao kwapani, aliongeza benchi. Baadhi yao walivutiwa na benchi hilo wakawa wanakuja hata bila vitambaa.

Mama Bonge alipita siku iliyofuata, jua likiwa bado ukutani. Siku za kazi alizoea kupita gizani; tangu afahamiane naye, fundi hakuwa amewahi kumwona siku kama hiyo ana kivuli.

"Kuna kipande cha njia nimekipoteza," alisema.

"Hukukipoteza. Nimekikata mimi, kiko hapa. Lete baiskeli nikirudishe, jirani yangu huyu amejaa grisi mpaka kwenye nyusi."

Mama Bonge alizitazama zile pingili. Kisha akasema, "Jana nilifika Bonge anakula uji. Akanitazama. Akakitazama kijiko. Akanitazama tena. Halafu akacheka, uji ukamtokea puani." Akaivuta baiskeli kwake. "Fundi, usirudishe kitu."

Fundi Spoku alimgeukia fundi cherehani, aliyekuwa kwenye benchi anashona kifungo. Fundi cherehani aliukata uzi kwa meno.

"Kama ni mambo ya mtoto," alisema, "mimi na grisi tutazoeana."

Zikaja siku nzuri. Bonge aliijua kengele ya baiskeli. Ikilia alikuwa anaacha chochote kilichokuwa mdomoni, kiwe chakula au kandambili, na kugeukia mlango. Alianza kusimama akishika goti la mama yake. Bibi alisema amekuwa mzito kumbeba, ila alisema huku anambeba.

Sasa, bosi wa kiwanda hakuwa mtu mbaya kwa sura wala kwa sauti. Aliwaita wafanyakazi kwa majina ya watoto wao, na mtoto akiugua aliuliza hali yake. Alikuwa na desturi ya kusimama getini kila alfajiri, na alfajiri moja akamwona Mama Bonge akiingia wakati mlinzi bado anakunja shuka lake.

"Mama Bonge, siku hizi uko karibu."

"Niko karibu, bosi."

"Hongera sana," alisema bosi, na kwa kumpongeza akamwongezea foronya.

Foronya zilikuwa nyingi na zenye vishikizo, na muda wa kuzipiga pasi ulikuwa sawasawa na urefu wa kile kipande cha njia kilichokuwa mezani kwa Fundi Spoku. Mama Bonge akawa anafika nyumbani Bonge amelala, ngumi mdomoni, kama zamani.

Alirudi karakanani.

"Kata tena," alisema.

Fundi Spoku alikuna kichwa. Gurudumu lilikuwa limeshafika mwisho wa mfereji, halikuwa na pa kwenda. Alizunguka karakana akipapasa vyuma vya zamani, mpaka akapata duara dogo la meno kutoka baiskeli ya mtoto. Kwa duara hilo mbele, mnyororo ungetosha hata ukipungua. Miguu ingezunguka zaidi, lakini pa kuzungukia pangekuwa pachache.

Safari hii alikata kwa ukimya. Pingili mbili zilianguka, na ndani yake mlikuwa na ule mlima wote, toka chini mpaka juu, na mbwa mwekundu aliyekuwa akikaa kileleni kungojea vifundo vya miguu. Mbwa alianza kubweka papo hapo kwa sauti ya ukubwa wa mbu. Fundi alimhamishia ncha ya pili ya meza ili asiwasumbue wateja wa cherehani.

Kisha alifanya kazi ambayo yeye mwenyewe angelipa nauli kwenda kuitazama. Alizungusha pedeli taratibu huku kidole kikiwa juu ya mnyororo, akitafuta mahali unapokaza kuliko pengine, maana hakuna duara la meno lililo duara kweli. Alipopapata, alirekebisha kwa kupafuata hapo. Alikaza nati ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo, ya kushoto tena, gurudumu likae katikati ya fremu bila kuegemea upande. Alibonyeza kwa kidole: ulipanda, ulishuka. Aliuzungusha, na haukutoa sauti yoyote. Safari hii hakuwa mjinga hata kidogo, na njia ilipungua vilevile.

Bonge alimwona mama yake macho wazi kwa jioni chache. Alijifunza kumshika pua. Kisha bosi, ambaye kutoka getini sasa aliweza kumwona Mama Bonge akifunga mlango wa nyumbani kwake, alimpongeza kwa vitambaa vya meza.

Halafu akaja karakanani mwenyewe. Alikuja kwa miguu, amevaa ndara, kwa kuwa hapakuwa mbali tena.

"Wewe ndiye Fundi Spoku?"

"Ndiye, bosi. Karibu. Angalia mbwa."

Bosi alimtazama yule mbwa kwa kioo kwa muda mrefu. Aliuliza anakula nini. Akaambiwa makombo ya mkate, tena madogo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeelezwa gharama nafuu.

"Umenisaidia sana, ndugu yangu," alisema. "Zamani watu wangu walikuwa wanafika wameshachoka. Huyu mama siku hizi anafika mbichi kabisa."

"Nilikuwa namsaidia yeye."

"Na mimi namsaidia. Sijamnyima shuka hata moja."

Fundi cherehani alikohoa kwenye benchi. Fundi Spoku aliweka spana chini.

"Lakini bosi, ule muda ulikuwa wa njia. Haukuwa wa kiwanda."

"Njia ya kwenda wapi?"

Fundi alifikiri. "Ya kwenda kazini."

"Sasa si umejibu mwenyewe?" alisema bosi, akampiga begani kwa upole, akaondoka akiwa anaangalia asimkanyage mtu.

Jambo hilo lilimkaa Fundi Spoku rohoni, si kwa hasira bali kwa udadisi. Alikaa akikitazama kipande cha mlima mezani na kupiga hesabu. Foronya zimekula pingili mbili. Vitambaa vya meza vimekula nyingine mbili. Lakini vitanda vya dunia vina mwisho, na meza za dunia zina mwisho. Kwa hiyo lazima pawe na urefu fulani wa mnyororo, mfupi kuliko mashuka yote yaliyopo, ambao mtu akiufikia, bosi ananyoosha mkono kwenye rafu na rafu ni tupu. Kilichobaki ni kuutafuta urefu huo. Alimweleza fundi cherehani. Fundi cherehani alisema yeye ni mtu wa vitambaa, na katika maisha yake hajawahi kuviona vikiisha. Fundi Spoku alimwambia huo ni mtazamo wa mtu anayeishi ndani ya pingili.

Siku ya mapumziko ya Mama Bonge, Fundi Spoku alitia mfukoni kifaa cha kusukumia pini, akabeba kwapani duara la meno dogo kuliko yote aliyowahi kuyaona, akaenda nyumbani kwa mama huyo.

Hapakuwa na safari. Tangu mlima uondoke katikati, ukuta wa kiwanda ulikuwa umesimama nyuma ya jiko la bibi, majani marefu yameota kwenye maungio. Moshi wa mashine za kukaushia ulipita juu ya bati na kuingia uani, na nguo za Bonge zilizoanikwa pale zilikuwa zimekauka kabla ya za jirani yeyote. Dirisha dogo la kiwanda lilikuwa limefunguka usawa wa meza ya sebuleni. Mkono ulitokea, ukaweka furushi la mashuka, ukasema "samahani kwa usumbufu," ukarudi ndani.

Sebuleni Mama Bonge alikuwa amesimama anapiga pasi. Mashuka yalipanda kutoka sakafuni hadi kiunoni kwake. Bonge alikuwa macho, macho kabisa, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na kiunoni alikuwa amefungwa kanga ambayo ncha yake ilikuwa mkononi mwa bibi. Alikuwa anamwendea mama yake huku amemnyooshea mikono. Kila alipokaribia pasi, bibi aliivuta kanga kidogo, naye akarudi hatua, akaanza upya. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya hivyo kama kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta nini tena?"

"Dawa," alisema Fundi Spoku, akiliinua lile duara dogo. "Mama Bonge, nimepata mwisho wa hesabu. Tunakata pingili mbili nyingine, tunafunga hili mbele. Mashuka hayatafua dafu. Lazima yaishe. Dunia haina vitanda vyote hivyo."

"Ina vitanda," alisema bibi. "Ila wanaolala siwaoni."

"Yataisha, bibi. Nimekaa nikapiga hesabu."

"Ulizipigia wapi?"

"Mezani."

"Kando ya mbwa?"

"Kando ya mbwa, ndiyo, lakini hesabu ni hesabu." Akamgeukia Mama Bonge, ambaye pasi yake ilikuwa inakwenda na kurudi bila kusita. "Dada yangu, nisikilize. Hili la kwanza nilikosea, nakubali. La pili bosi alituwahi. Hili la tatu hataliona. Utatoka, hujakalia tandiko vizuri, umeshafika. Utakuwa unafika kuliko mtu yeyote alivyowahi kufika."

Shuka lilikunjwa, likawekwa juu ya mengine. Lingine likafunguliwa.

"Si ndicho ulichoniomba?" Fundi Spoku alikuwa ameshachuchumaa kando ya baiskeli iliyoegemea ukutani, kidole juu ya mnyororo, anatafuta klipu. "Ufike mtoto yuko macho. Au siku hizi hutaki kufika?"

Mama Bonge aliisimamisha pasi. Alimtazama fundi, kisha akamtazama Bonge aliyekuwa amenyoosha mikono mwisho wa kanga.

"Nifike wapi tena, fundi? Nyumbani ndiyo hapa."